Mayfair, Johannesburg: Ukuta unaloa, alaumiwe nani?

Kila ifikapo mwezi wa Juni, wakazi wa Mayfair, magharibi mwa kitovu cha jiji la Johannesburg, huanza kuona madoa meusi kwenye kona za vyumba vyao. Wenye nyumba husema wapangaji wanapika huku wamefunga madirisha. Wapangaji husema nyumba zimeoza. Mara nyingi kila upande una sehemu ya ukweli, na mara nyingi fedha hutumika kutibu ugonjwa ambao nyumba haina.

Swali la wapi unyevu unatoka si la mafundi peke yao. Jibu lake ndilo linaloamua nani alipe gharama, kama amana ya mpangaji itarudishwa, na kama mtoto mwenye pumu ataweza kulala chumba kile kile msimu ujao wa baridi.

Nyumba za enzi ya migodi

Mtaa wa Mayfair ulianza mwishoni mwa karne ya 19 kwenye ardhi ya shamba la Langlaagte, mahali ambapo mwaka 1886 iligunduliwa dhahabu iliyozaa jiji la Johannesburg. Jina lake liliazimwa kutoka mtaa wa matajiri wa London, lakini wakazi wake wa mwanzo walikuwa wafanyakazi wa kawaida. Chini ya sheria ya mwaka 1950 iliyogawa maeneo ya kuishi kwa rangi, mtaa huo ulitengwa kwa Wazungu. Familia zenye asili ya Kihindi zilianza kuhamia huko kwa kuikaidi sheria hiyo, hata kabla haijafutwa mwaka 1991.

Tangu miaka ya 1990 wamefika Wasomali waliokimbia vita nchini mwao, na baada yao Waethiopia, Wakenya, Watanzania, Wakongo na wengine. Katika barabara ya 8th Avenue na vichochoro vyake, Kiswahili ni moja ya lugha zinazosikika madukani.

Nyumba nyingi walizozikuta wageni hao ni za zamani: kuta za matofali ya kuchoma, paa la bati, baraza ndogo mbele, na sakafu ya mbao iliyoinuliwa juu ya ardhi ili hewa ipite chini yake. Baadhi zimeungana na za jirani kwa ukuta mmoja. Kadiri miaka ilivyopita, baraza zilizibwa kuwa vyumba, nyua zikamwagwa zege, vyumba vya kupangisha vikaongezwa nyuma, na sebule zikawa maduka. Matatizo mengi ya leo yanatokana na mabadiliko hayo kuliko umri wa nyumba wenyewe.

Msimu ndio kipimo cha kwanza

Kabla ya kumwita fundi mwenye kifaa cha kupimia unyevu, mkazi wa Johannesburg ana kipimo cha bure, nacho ni kalenda.

Jiji hili liko kwenye uwanda wa juu, takriban mita 1,750 kutoka usawa wa bahari. Mvua hunyesha kuanzia Oktoba hadi Machi au Aprili, nyingi ikiwa ya radi wakati wa alasiri na wakati mwingine ya mawe. Kuanzia Juni hadi Agosti mvua ni haba mno. Mchana jua huwaka, lakini usiku joto hushuka hadi kama nyuzi 4, na usiku mwingine chini ya sifuri. Hali hiyo ni kinyume kabisa na Cape Town, ambako majira ya baridi ndiyo ya mvua.

Maana yake ni rahisi. Ukuta unaoloa mwezi wa Julai, wakati hakuna mvua, kwa kawaida haujalowa kwa maji ya mbinguni. Doa linalotokea Desemba baada ya dhoruba na kukauka ifikapo Mei linaelekeza kwenye bati, gata au ufa wa nje. Na unyevu unaokaa mwaka mzima sehemu ya chini ya ukuta unatoka ardhini, au kwenye bomba linalovuja.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni daftari. Andika tarehe doa lilipoonekana, lipo juu au chini, ukuta wa nje au wa ndani, na kama siku hiyo mvua ilinyesha. Daftari la miezi michache litamsaidia fundi kuliko maelezo ya saa nzima.

Maji yanayotoka ndani ya nyumba

Chanzo cha madoa mengi ya msimu wa baridi ni mvuke wa wakazi wenyewe. Inakadiriwa kwamba familia ya watu wanne, kwa kupumua, kupika, kuoga na kufua, huingiza hewani kiasi cha lita 10 za maji kwa siku. Hita ya mafuta ya taa isiyo na bomba la kutolea moshi huongeza mzigo huo, kwa sababu kila lita ya mafuta inayoungua hutoa karibu lita moja ya maji kama mvuke. Mkazi anaona anakausha chumba, kumbe anakilowesha.

Mvuke huo hutafuta mahali palipo baridi zaidi. Glasi ya maji ya barafu hutoka jasho ikiwekwa mezani Dar es Salaam au Mombasa. Ukuta wa Mayfair hufanya vivyo hivyo saa kumi za alfajiri. Ndiyo maana madoa huanzia kwenye kona, nyuma ya kabati na nyuma ya kichwa cha kitanda, mahali ambapo hewa haizunguki.

Kuna jambo jingine ambalo mgeni aliyetoka karibu na ikweta hulisahau. Afrika Kusini jua la majira ya baridi hupita upande wa kaskazini. Chumba ambacho madirisha yake yanatazama kusini hakipati jua miezi hiyo yote. Ukiona vyumba viwili vyenye kodi sawa, kile cha kaskazini ndicho cha kuchukua.

Ili kuthibitisha, kausha sehemu ndogo ya ukuta, kisha bandika juu yake kipande cha karatasi ya aluminiamu inayotumika jikoni, ukizibe kingo zote kwa utepe. Baada ya siku moja au mbili, kitazame. Maji yakiwa upande wa chumbani, ni mvuke wa ndani. Yakiwa upande wa nyuma, unyevu unatoka ukutani.

Tiba ya mvuke haina gharama kubwa: kufunika sufuria, kufungua dirisha kwa dakika kumi baada ya kupika na kuoga, kuanika nguo nje, na kusogeza kabati mbali kidogo na ukuta. Hewa ya mchana ya Julai ni kavu sana, na kufungua dirisha saa sita hukausha chumba haraka. Dawa ya madoa husafisha kinachoonekana tu. Chanzo kisipoondolewa, madoa hurudi.

Lawama ina mipaka

Hata hivyo, kusema tatizo ni mvuke si sawa na kusema kosa ni la mpangaji. Chumba kisicho na dirisha linalofunguka, au baraza iliyozibwa kwa ukuta mwembamba, kitaloa hata akiishi ndani yake mtu makini kiasi gani. Na watu sita hawalali chumba kimoja kwa kupenda; hulala hivyo kwa sababu ya kodi.

Mfano wenye uchungu ulitokea Uingereza. Mtoto Awaab Ishak, wa miaka miwili, mwana wa familia iliyotoka Sudan, alifariki dunia Desemba 2020 mjini Rochdale. Mwezi Novemba 2022 uchunguzi wa kisheria ulihitimisha kwamba alikufa kwa maradhi ya kupumua yaliyosababishwa na kukaa muda mrefu kwenye nyumba yenye ukungu wa ukutani. Baba yake alikuwa amelalamika kwa muda mrefu, lakini wasimamizi wa nyumba waliihusisha hali hiyo na mtindo wa maisha wa familia. Sheria iliyopewa jina la mtoto huyo, iliyoanza kutumika England tarehe 27 Oktoba 2025, inawataka wamiliki wa nyumba za kijamii kuchunguza hatari kubwa ya unyevu na ukungu ndani ya siku 10 za kazi, na kushughulikia hatari za dharura ndani ya saa 24.

Shirika la Afya Duniani, WHO, lilieleza mwaka 2009 kwamba wanaoishi kwenye nyumba zenye unyevu na ukungu wamo katika hatari kubwa zaidi ya pumu na matatizo ya kupumua. Mwaka 2018 shirika hilo lilipendekeza joto la ndani lisipungue nyuzi 18 katika majira ya baridi. Nyumba nyingi za zamani za Johannesburg, zisizo na mfumo wa kupasha joto, huwa chini ya kiwango hicho usiku.

Maji yanayopanda kutoka chini

Tofali huvuta maji kutoka ardhini kama utambi unavyovuta mafuta. Kwa sababu hiyo wajenzi huweka tabaka la lami au nailoni ngumu juu ya msingi ili kuyazuia. Katika nyumba za zamani tabaka hilo huenda halikuwekwa, limechakaa, au limefunikwa.

Dalili zake ni tofauti na za mvuke. Unyevu huanzia sakafuni na kwa kawaida huishia kwenye kimo cha mita moja hivi. Juu yake huonekana mstari, na kwenye mstari huo chumvi nyeupe. Rangi hutoka magamba, na lipu huvunjika ukiigusa. Ukungu mweusi huwa si mwingi hapo, kwa kuwa chumvi huuzuia kuota.

Kabla ya kumlipa mtu atoboe ukuta na kuingiza dawa, toka nje ukaangalie. Mara nyingi uwanja umemwagwa zege tena na tena hadi ukafikia usawa wa sakafu ya ndani. Uwanja unatakiwa uwe chini ya tabaka la kuzuia unyevu kwa angalau sentimita 15. Angalia pia vile vitundu vidogo vya hewa vilivyo chini ya ukuta wa nje. Vikizibwa kwa udongo au zege, hewa haipiti chini ya sakafu, na mbao huoza. Sakafu inayobonyea unapokanyaga karibu na ukuta ni onyo.

Kisha funga mabomba yote, soma mita ya maji, subiri saa moja bila mtu kutumia maji, na uisome tena. Namba ikiwa imesogea, kuna bomba linalovuja. Ukuta wa karibu na bafu unaoloa mwaka mzima huwa na bomba bovu mara nyingi kuliko msingi mbovu.

Kosa la kawaida ni kufunika unyevu kwa lipu ya saruji na rangi isiyopitisha maji. Wanaoujua Mji Mkongwe wa Zanzibar wanalifahamu jambo hili. Nyumba zake za mawe ya matumbawe zilijengwa kwa chokaa, ambayo huruhusu ukuta kukauka. Ukizipaka saruji, maji hufungiwa ndani na kupanda juu zaidi, na chumvi hula jiwe. Kuta za matofali zilizojengwa kwa udongo wa chokaa hupata madhara ya namna hiyo hiyo. Unapoona ukuta umepakwa rangi mpya nusu ya chini tu, uliza kwa nini.

Maji yanayotoka juu

Baada ya dhoruba ya kwanza ya Oktoba, panda juu au mtume fundi akatazame bati. Misumari iliyolegea, kutu kwenye maungio, na gata zilizojaa majani ndiyo asili ya madoa mengi ya dari. Gata ikiziba, maji humwagika ukutani mahali pale pale kila siku ya mvua, na ukuta huloa hadi ndani.

Doa la dari linalokua hata wakati wa kiangazi linaweza kuwa la tangi la maji ya moto, ambalo katika nyumba nyingi za Afrika Kusini huwekwa ndani ya paa. Hilo lisisubiri, kwa sababu tangi lililojaa maji likianguka linaweza kuua.

Lipo pia tatizo linalowababaisha wengi: matone yanayodondoka alfajiri ya Julai bila mvua. Usiku wenye anga safi, bati hupoa kuliko hewa iliyo chini yake. Mvuke uliopenya darini hugeuka maji chini ya bati na kudondoka. Kubadilisha bati hakutasaidia. Kinachohitajika ni kuziba nyufa za dari, kuipa nafasi ya paa hewa, na kupunguza mvuke unaotoka jikoni.

Ufa upi ni wa hatari?

Si kila ufa ni msiba. Ufa mwembamba kama unywele, chini ya milimita 1, kwa kawaida ni wa lipu tu. Hadi milimita 5 huweza kuzibwa, ingawa unastahili kufuatiliwa. Kati ya milimita 5 na 15, mtaalamu aitwe. Zaidi ya hapo, usalama wa jengo wenyewe unahojiwa.

Upana pekee hautoshi, tazama na mwelekeo. Ufa unaopanda kwa ngazi kufuata maungio ya matofali, hasa kutoka kona ya dirisha au mlango, na ulio mpana zaidi juu kuliko chini, unaashiria kwamba upande mmoja wa msingi unazama. Sababu zinaweza kuwa bomba la majitaka linalovuja na kulainisha udongo, udongo wa mfinyanzi unaovimba wakati wa mvua na kusinyaa wakati wa ukame, mizizi ya mti mkubwa, au ghorofa iliyoongezwa juu ya msingi uliojengewa nyumba ya chini.

Johannesburg ina sababu ya ziada. Mkanda wa dhahabu unapita kusini mwa Mayfair, na uchimbaji wa zaidi ya karne moja umeacha ardhi ya ukanda huo ikiwa na mashimo na mitetemeko midogo. Tetemeko la kipimo cha 5.5 lililotokea karibu na mji wa Orkney tarehe 5 Agosti 2014 lilisikika hadi Johannesburg, na jingine la 4.4 lilipiga mashariki ya jiji tarehe 11 Juni 2023.

La muhimu ni kujua kama ufa unatembea. Chora mstari wa penseli kwenye ncha zake, andika tarehe, na upige picha ukiwa umeweka rula pembeni. Rudia kila mwezi. Ufa ambao haujasogea kwa mwaka mzima huenda ni wa zamani. Unaosogea ni kazi ya mhandisi aliyesajiliwa na Engineering Council of South Africa. Na ukuta uliovimba, dari inayoning'inia, au mlango uliokwama ghafla bila sababu, watu watoke kwanza na maswali yafuate.

Hali kadhalika sebule iliyogeuzwa duka. Ukuta uliotolewa katikati huenda ndio uliokuwa umebeba paa. Uliza ni boriti gani iliwekwa badala yake, na nani aliyeidhinisha ramani.

Baridi na jiko la mkaa

Sehemu kubwa ya joto hupotelea juu. Kanuni za ujenzi zinazodai dari iwekwe vizuizi vya joto zilikuja mwaka 2011, na zinahusu majengo mapya. Nyumba ya zamani yenye bati na dari nyembamba haina kinga yoyote. Mwenye fedha za kazi moja tu, basi aziweke darini: sufi maalumu ya kuzuia joto lisipotee huleta nafuu kuliko hita ya pili. Mpangaji anaweza kuziba upenyo wa chini ya mlango na kutandika zulia juu ya sakafu ya mbao.

Asichopaswa kufanya ni kuingiza ndani jiko la mkaa, ambalo wenyeji huliita imbawula, kisha kufunga madirisha. Mkaa hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi. Anayeivuta huumwa kichwa, husinzia, na huenda asiamke. Jiko linaloonekana limezimika bado hutoa gesi hiyo.

Vyumba vilivyogawanywa kwa mbao huongeza hatari ya moto. Moto wa jengo la Usindiso, katikati ya Johannesburg, tarehe 31 Agosti 2023, uliua watu zaidi ya 70, wakiwemo Watanzania na Wamalawi. Wakazi walikuwa wakiishi katika vibanda vilivyojengwa ndani ya jengo hilo.

Sheria inasemaje?

Sheria ya nyumba za kupanga ya mwaka 1999 inamtaka mwenye nyumba na mpangaji wakague nyumba pamoja kabla ya kuhamia, na kasoro ziandikwe. Ukaguzi hurudiwa wakati wa kuondoka. Mwenye nyumba asipoufanya huo wa mwisho mbele ya mpangaji, huhesabiwa kuwa amekubali nyumba imerudishwa katika hali nzuri. Amana lazima iwekwe kwenye akaunti yenye riba, na kama hakuna deni, irudishwe ndani ya siku 7 baada ya mkataba kumalizika. Mkataba wa mdomo unatambuliwa, lakini mpangaji ana haki ya kudai uandikwe.

Migogoro hupelekwa Rental Housing Tribunal ya jimbo la Gauteng, bila malipo na bila ulazima wa wakili. Wageni wengi hunyamaza wakiogopa kufukuzwa. Katiba ya Afrika Kusini inasema hakuna anayeweza kuondolewa katika makazi yake bila amri ya mahakama.

Kwa anayenunua, akiwemo ndugu anayetuma fedha kutoka Ulaya au Marekani bila kuiona nyumba, tahadhari ni mbili. Kwanza, nyumba nyingi huuzwa kwa sharti linaloitwa voetstoots, yaani kama ilivyo. Sharti hilo halimkingi muuzaji aliyejua kasoro iliyojificha akainyamazia, na tangu Februari 2022 muuzaji anayemtumia wakala hutakiwa kujaza fomu ya kutaja kasoro. Ihifadhi fomu hiyo. Pili, jengo lenye zaidi ya miaka 60 haliwezi kubadilishwa wala kubomolewa bila kibali cha mamlaka ya urithi ya jimbo. Nyumba nyingi za Mayfair zimepita umri huo.

Kwa wote, mpangilio ni mmoja: nje kabla ya ndani, juu kabla ya chini, bomba kabla ya msingi, na rangi iwe ya mwisho. Ukuta wa matofali uliolowa kwa miaka huhitaji miezi mingi kukauka hata baada ya chanzo kuondolewa. Anayeupaka rangi wiki inayofuata ataupaka tena mwakani, na ubishi wa nani alaumiwe utaanza upya.